Nduna wa Kokwa za Masuku

Novemba 12, 1905

Mimi Polikarp, mwana wa Mngoni halisi, ndiye mtu pekee anayejua kusoma na kuandika katika kijiji chetu hapa karibu na Ruhuwiko. Nimesoma kwa mapadre wa Peramiho miaka miwili na miezi minne, na ningesoma yote yaliyobaki kama bruda asingenikuta namwigiza anavyoimba pua ikiwa imeziba. Nilifukuzwa siku ileile. Herufi hawakuweza kuninyang'anya, nilikuwa nimeshazimeza.

Daftari hili nililichukua Septemba, misheni ilipochomwa moto. Wenzangu walibeba vitambaa na sahani, mimi nikabeba daftari na kalamu ya risasi. Walinicheka njia nzima.

Baba aliambiwa kwamba akinyunyiziwa ile dawa, risasi za Wadachi zitageuka maji. Oktoba akaenda nayo vitani. Risasi ya kalamu hii nayo haijageuka maji. Basi, habari za baba sitaandika leo.

Novemba 20

Mvua ya kwanza. Kumbikumbi wametoka. Nimekula wengi kuliko mtu yeyote kijijini, nilihesabu hadi mia mbili nikaacha kwa heshima ya tumbo.

Desemba 3

Askari walifika asubuhi. Walichoma vihenge vyote vya mahindi na ulezi, wakaondoka na mbuzi. Hawakupiga mtu risasi. Hawakuwa na haja, njaa itawafanyia kazi.

Nduna wetu hakuwepo. Nduna, kwa asiyejua, ndiye mkubwa wa watu: wakati wa amani anaamua kesi, wakati wa vita anaongoza mikuki. Wetu mimi namwita Mzee Manyoya, kwa sababu ya yale manyoya ya mbuni anayovaa kichwani hata akienda kuoga. Namwita hivyo akiwa mbali. Tangu Oktoba analala porini na anashuka kijijini akitaka chakula.

Moto ulipopungua, Alfani akaanza kuchimbua majivu. Huyu ni jirani yetu, msutu. Babu zetu walikuja na mikuki kutoka kusini, na watu waliowakuta hapa wakawaita wasutu. Msutu analima, Mngoni anakula. Ndivyo alivyonifundisha babu, na babu hakufukuzwa shule. Alfani ujana wake alikuwa mpagazi, akabeba pembe mpaka Kilwa mara tatu. Kilwa walimpa jina, kofia na dini, ila dawa ya kigugumizi walikuwa wameishiwa.

Alipata mahindi yaliyoungua nusu, vikapu sita. Mimi nilijua yatagawiwa kama siku zote: Wangoni kwanza, wasutu baadaye, mateka mwisho. Yeye akayagawa kwa midomo. Kila mdomo kiganja kimoja, hata mtoto wa yule mwanamke aliyetekwa Ubena. Nikamwambia kwa sauti kwamba mdomo wangu na wa yule mtoto si sawa. Akanitazama, akahangaika na neno lake muda mrefu, mwishowe likatoka.

"Ni kweli, wa-wako unasema zaidi."

Watu wakacheka. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba wanacheka, na kichekesho ni mimi.

Desemba 4

Mahindi ya kuungua yanatia kiu. Sisemi zaidi.

Desemba 25

Krismasi. Niliimba peke yangu nyimbo zote ninazozijua za mapadre, mbili na nusu. Mama alilia. Nilidhani ni uzuri wa sauti yangu, kumbe baba alikuwa akipenda kunisikia nikimwigiza bruda.

Tunakula masuku, yale matunda ya porini yenye kokwa nyingi. Asubuhi masuku, jioni masuku. Watoto wawili wamekufa wiki hii, nao walikuwa wamekula masuku kama sisi.

Januari 9, 1906

Barua! Mjumbe wa boma ameileta na ikasomwa na mimi, Polikarp, mbele ya watu wote, nimesimama juu ya kinu ili nionekane. Niliisoma mara tatu. Mara ya pili na ya tatu hazikuwa na lazima.

Imeandikwa na karani wa boma la Songea. Kijiji kinachotaka amani kilete mikuki na bunduki zake, pamoja na mtu mmoja wa kuwasemea watu wake. Kabla yake itangulie barua yenye jina la mtu huyo na kazi yake. Kijiji kisichofanya hivyo, mashamba yake yatafyekwa mahindi yakiwa machanga. Mjumbe atapita tena baada ya siku sita kuchukua majibu.

Mahindi yetu yamefika magotini. Yakifyekwa hakuna atakayefika Machi. Hilo hata aliyefukuzwa shule analijua.

Januari 10

Manyoya alishuka na manyoya yake. Akasema hakuna cha kusemwa: yeye ndiye nduna, kijiji chote kimfuate porini, na nani amewapa wasutu ruhusa ya kukaa na kuzungumzia barua. Watu wakainama kama ilivyo kawaida. Mimi nikaona sawa, damu ni damu.

Alfani akasimama. Ajabu ya kigugumizi ni kwamba huwezi kumkatiza, maana hujui kama neno limekwisha au bado. Hata Manyoya alisubiri. Alfani akasema kwamba zamani, safari ya Kilwa ilipofika penye njia mbili, fupi isiyo na maji na ndefu yenye maji, wapagazi hawakumwachia kiongozi peke yake, kwa kuwa mabega yaliyokuwa yakibeba yalikuwa yao. Kila mtu alitia kijiwe kwenye kibuyu cha njia aliyoitaka, gizani mwa hema, asionwe. Njia yenye vijiwe vingi ndiyo waliyoishika, na kiongozi aliishika pamoja nao.

Manyoya akamuuliza kama na yeye, nduna, atahesabiwa kijiwe kimoja sawa na msutu.

"Ki-kimoja, baba," akasema Alfani. "Na sisi tutakihesabu."

Manyoya akatema mate akaondoka. Watu hawakuinuka kumfuata. Walibaki wamekaa, wanatazamana, kama watoto ambao mwalimu amesahau kurudi darasani.

Januari 11

Siku nzima ni kelele. Wanaume wanasema wanawake wasitie. Biasha, mke wa Alfani, mwanamke mwembamba asiyesema sana, akawauliza ni nani kati yao aliyelima yale mahindi yatakayofyekwa. Wakasema wataufikiria. Akawaambia wafikirie haraka, yeye ana kazi shambani.

Jioni wakakubali. Na mateka pia. Nami nilisema ng'ombe tumsubirishe, au naye atatia? Hakuna aliyecheka. Ng'ombe wenyewe hatuna.

Januari 12

Leo tumechagua.

Vijiwe tuliviacha kwa kuwa kila mtu ana kokwa za masuku nyumbani, hata maskini, leo wote ni matajiri wa kokwa. Vyungu viwili viliwekwa ndani ya jiko la Biasha, kila kimoja kimefunikwa ungo wenye tundu la mkono. Cha kulia: tupeleke mikuki bomani, na Alfani awe msemaji wetu. Cha kushoto: tumfuate Manyoya porini. Mtu anaingia peke yake na kokwa moja ndani ya ngumi, anatia mkono katika vyungu vyote viwili, anatoka na ngumi ileile. Hivyo anayesikiliza nje hajui kitu.

Nilichaguliwa kuhesabu. Bila shaka. Nilihesabu mbele ya wote, kokwa moja moja juu ya mkeka, nikachora vijistari. Kulia arobaini na nane. Kushoto kumi na tatu. Jumla sitini na moja, na waliotia ni sitini na mmoja, watoto hawamo. Niliwaonyesha kwamba hesabu inafungana, wakashangaa kana kwamba nimetoa sungura mfukoni.

Bibi mmoja, mateka wa zamani, aliomba aonyeshwe kokwa yake ni ipi. Nikamwambia haiwezi kujulikana. Akasema hajali ni ipi, anataka tu kujua kama imo. Nikamwambia imo. Akakaa chini akaanza kulia taratibu, na mimi sikupata la kumtania.

Sasa niandike jambo ambalo hakuna anayelijua. Kokwa yangu ilikuwa kushoto.

Januari 14

Mvua tangu alfajiri. Nilidhani Alfani ameshinda na sasa atajivuna kidogo, mimi ningejivuna wiki nzima. Badala yake anapita nyumba kwa nyumba. Anasema wale kumi na tatu hawajui ni akina nani, wala hataki kuwajua, lakini anakwenda kuwasemea na wao pia, kwa hiyo anamwomba kila mtu amwambie angependa lisemwe nini bomani.

Alifika kwetu amelowa. Nikamwuliza mbona anajisumbua na watu waliokwisha kushindwa. Akahema.

"Wa-wameshindwa njia. Hawajaacha kuwa watu wangu."

Mama akamwambia aulizie mifupa ya waume waliokufa vitani, wajane waruhusiwe kwenda kuizika. Akarudia maneno yake polepole, hadi akayashika. Kisha akanigeukia. Nikamwambia, bila kufikiri, kwamba aulize kama shule itafunguliwa tena, na kama aliyefukuzwa anaweza kurudi. Hakucheka. Akayashika na hayo.

Alipotoka mama akasema msutu huyu ana adabu kuliko sisi sote. Wiki moja iliyopita ningebisha.

Januari 15

Leo nimeandika barua ya majibu. Naiweka hapa ilivyokuwa siku yenyewe, maana ilikuwa siku kubwa.

Nilikaa juu ya kinu, watu wote wamenizunguka. Alfani akaniambia niandike: sisi wa kijiji fulani tunataka amani, tumemchagua Alfani awe msemaji wetu, kazi yake mkulima. Alirudia neno hilo, msemaji, mara mbili, akaniambia niandike hilohilo na nisiliongeze.

Wakati huohuo Manyoya akatokea na watu wake wachache. Alikuwa amesikia. Akasimama mbele ya Alfani akamwuliza tangu lini jembe likavaa manyoya. Akasema bomani watacheka wakiona kijiji cha Wangoni kimeletwa na msutu tena bubu nusu.  Biasha aliinamisha kichwa. Nilimwona.

Nikakasirika, na mimi nikikasirika huwa nacheka. Nikasema kimoyomoyo, subiri wewe mzee, nitakuvua manyoya hayo kwa kalamu. Mahali pa msemaji, nikaandika: "tumemchagua sisi wote Alfani awe nduna wetu." Nikakoleza herufi. Hakuna mwingine anayesoma. Kisha nikaisoma barua kwa sauti, na nilipofika pale nikasoma "msemaji", uso umenikauka kama padre. Mjumbe akaikunja akaondoka nayo.

Ah, nilivyofurahi! Msutu amekuwa nduna kwenye karatasi ya serikali, na Manyoya amesimama palepale hajui kwamba amevuliwa. Na Alfani naye hajui kwamba amevikwa. Nitamwambia siku moja, tukishakula mahindi mapya.

Januari 17

Mtu amepita akitoka njia ya Songea. Anasema bomani wanawafunga manduna. Kila nduna anayejisalimisha au kukamatwa anatiwa mnyororo na kuwekwa na wakubwa wa vita, na hao, anasema, hawatasamehewa. Watu wa kawaida wanaachwa warudi mashambani.

Watu wetu wakashukuru Mungu kwamba hatukumfuata Manyoya. Wakampongeza Alfani kwamba yeye si nduna.

Mimi nilikwenda mtoni.

Januari 18

Mvua. Barua sasa imefika.

Nilikwenda nyumbani kwa Alfani mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa anaswali. Mara ya pili Biasha alikuwepo. Mara ya tatu alikuwa peke yake, anafunga mikuki kwa kamba ya mgomba, akanikaribisha nikae, nami nikamwambia nimekuja kumsaidia kufunga. Tukafunga mikuki kumi na tisa. Mmoja ulikuwa wa baba.

Nilijiambia: nikisema, hataenda, na asipokwenda watafyeka mahindi. Ilikuwa sababu nzuri sana. Naiandika hapa ili niione vizuri, na nikiitazama naona kwamba niliogopa tu kuitwa mwongo mbele ya watu walionipandisha juu ya kinu.

Nitakwenda naye kesho. Nitamwona karani mwenyewe nimwambie kalamu ilikosea.

Januari 20

Tumekwenda, na mimi nimerudi.

Njiani alikuwa anarudia maneno ya watu, ili kigugumizi kisiyale. Mifupa ya waume. Mbuzi wa mjane mmoja. Shule. Alinyoosha kidole kwa kila jambo, na vidole vilipokwisha akarudia mkono wa kwanza. Nilibeba mikuki nikamfuata nyuma, nikafungua mdomo mara nyingi. Tukafika.

Karani anaitwa Hamisi, mtu wa pwani, msafi, ana meza barazani. Askari wawili nyuma yake. Sikupata nafasi ya kumwona peke yake. Aliitafuta barua yetu katika rundo, akaisoma.

"Nduna Alfani ni nani?"

Alfani akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma, yeye asiyejua herufi hata moja, na akanisoma mpaka mwisho.

Akaanza kusema, "Mi-mimi si—" Neno likakwama.

Karani akaweka barua chini. Akasema kwa upole kabisa kwamba kama si nduna, basi aliyeandika ameidanganya serikali wakati wa vita, na huyo atajibu kwa hilo, na si kwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, tu. Akauliza ni nani aliyeandika. Kalamu yangu ilikuwa sikioni. Nilikuwa nimeichomeka huko ili nionekane msomi.

Nilipaswa kusema hapo. Palikuwa na muda wa kutosha. Yeye mwenye kigugumizi alisema kabla yangu, na neno halikukwama hata kidogo.

"Watu walinichagua. Liache walivyoandika."

Wakamtia mnyororo wa shingo. Aliomba aseme kwanza maneno ya watu wake, karani akamwambia atayasema kesi ikija. Askari walipomsukuma kupita mbele yangu, akaniambia taratibu, kwa Kingoni, wasielewe:

"Waambie ha-hawakukosea kuchagua. Mengine utasema mwenyewe."

Nimewaambia watu kwamba bomani wamemshika kwa hila. Wamelia. Wamesema Wadachi ni waongo.  Mengine sijasema.

Januari 21

Hakuna.

Januari 29

Biasha anapeleka chakula bomani kila siku ya tatu. Mizizi iliyochemshwa. Anatoka kabla jua halijachomoza, anarudi jioni. Anasema Alfani anauliza mahindi yetu yamefika wapi. Yamefika mabegani. Hayakufyekwa.

Februari 6

Kesi imekwisha, haikuchukua hata muda wa kuchemsha maji. Biasha alikuwa nje ya ukuta. Waliitwa majina na vyeo. Hakuna aliyeulizwa alitaka kusema nini.

Februari 12

Wamemnyonga Alfani.

Februari 13

Mvua.

Februari 14

Mvua. Mahindi yanatoa mbelewele. Ni mazuri sana mwaka huu.

Februari 22

Manyoya amerudi kijijini. Alikwenda bomani peke yake wiki iliyopita, bila manyoya, amejifunga kitambaa kichakavu, akasema yeye ni msutu mkulima kutoka mbali, anaomba msamaha. Wakamwandika msutu, wakampa karatasi. Alinipa niisome, aone kama imekaa sawa. Imekaa sawa.

Miezi mitatu iliyopita ningecheka hadi nianguke. Nilimrudishia karatasi yake. Amezeeka. Sikuweza kumchukia, kila nikijaribu chuki ilikuwa inarudi kwangu mwenyewe.

Machi 4

Boma limeleta neno: vijiji vilivyosamehewa vitaje, ndani ya siku tano, mtu awe jumbe, mkuu wa kijiji chini ya serikali. Visipotaja, litatuma mtu wake kutoka kokote.

Watu walikutana, na mkutano ulikuwa mfupi. Wakasema boma litume. Yule bibi, mateka wa zamani, ndiye aliyesema kwa sauti kile ambacho wote walikuwa nacho.

"Tulimpenda, tukamtilia kokwa, wakamuua. Mkono wangu huu umo. Mimi sichagui mtu tena maisha yangu."

Wakaitikia. Wanaume, wanawake, wote. Kisha wakatawanyika. Januari watu hawa walikaa kutwa nzima wakibishana nani atie kokwa, sasa wameona afadhali wafungwe kamba na mgeni. Wanadhani mikono yao ndiyo iliyoua.

Nimekaa hapa na kalamu. Alinipa ujumbe mmoja tu wa kuwafikishia, nami niliuacha bomani.

Machi 6

Niliwaita mimi. Wengine hawakutaka kuja, nikawaendea nyumbani nikawaomba, shikamoo kwa kila mzee, hata wale niliokuwa nikiwapita bila salamu kwa sababu ni wasutu. Nilisimama chini, juu ya kinu sikupanda.

Nikawaambia: nyinyi mlichagua msemaji, mimi niliandika nduna. Niliwasomea neno moja na karatasi ilikuwa na lingine. Nilitaka kumkomoa Mzee Manyoya. Tarehe kumi na saba nilijua litamuua, nikawa na siku tatu za kusema. Bomani aliulizwa, akanificha. Alisema niwaambie hamkukosea kuchagua. Kokwa zenu arobaini na nane zilikuwa safi. Aliyekosea ni aliyeaminiwa kuziandika.

 Mama aliinuka akaenda nyumbani bila kunitazama. Mtu mmoja akaokota jiwe, akalishika, halafu akaliweka chini kwa uangalifu kana kwamba ni yai. Manyoya akafunika uso kwa kitambaa. Bibi alikuwa anautazama mkono wake, anaugeuza.

Ningependelea wanipige.

Mwisho mtu akauliza kama siku za kutaja jumbe zimekwisha. Nikasema zimebaki tatu. Wakasema watakutana kesho. Hawakuniambia kama na mimi nije.

Machi 7

Sikuitwa. Walitumia vijiwe, masuku yamekwisha. Nilisikia kutoka nyumbani wakihesabu wenyewe kwa sauti, watu wote pamoja, wakikosea na kurudia. Walipata hesabu iliyofungana mara ya nne. Wamemchagua Sefu, msutu mnyamavu mwenye shamba la juu.

Machi 8

Watu wa boma walipita leo, kabla barua haijaandikwa. Wamesema kwa upande wetu wameshaweka mtu wao, anatoka pwani, atafika mwezi ujao. Sefu akawauliza ni kwa nini basi tuliambiwa tuchague. Wakamwambia aliyeambiwa achague aliambiwa kabla mambo hayajabadilika.

Usiku watu hawakulia. Wamesema wataiandika barua vilevile na wataipeleka, ili ijulikane walichagua nani.

Machi 9

Biasha amekuja. Tangu siku ile hajanisemesha, na mimi nilikuwa nikizunguka nyuma ya nyumba nikimwona. Leo alinikuta mlangoni. Nikapiga magoti. Akaniambia niinuke, yeye si padre.

Akasema watu wamekubaliana kwamba barua ya Sefu nitaiandika mimi, kwa kuwa hakuna mwingine. Ila kabla haijatoka itasomwa na mtu wa pili mbele ya wote, na mtu huyo amechaguliwa, ni yeye. Nikamwambia hajui kusoma.

"Ndiyo maana nimekuja," akasema.

Nikalainisha udongo pale uani, nikatafuta kijiti. Nikamwambia mapadre huanza na herufi a, au anaweza kuanza na jina lake, au la marehemu, wengi wanapenda kuanza na jina. Akatikisa kichwa.

"Nionyeshe lile neno uliloliandika wewe."

Nikaliandika.  Akachuchumaa, akalitazama kutoka huku, akazunguka akalitazama kutoka upande wa pili, akapitisha kidole juu ya kila herufi bila kuigusa.

"Fupi hivi?" akasema.

Nikamwambia ndiyo.

Akachukua kijiti mkononi mwangu, akaliandika chini ya langu. Lilimchukua muda mrefu, na herufi zake mbili zilikuwa zimegeuka nyuma. Sikumcheka. Nilizifuta hizo mbili kwa kidole, tukaanza tena.